Cheti cha Utabibu na Watoto wa Mafia

(Maneno yaliyonenwa mbele ya wanachama, Kilindoni)



Tumetakiwa tunene habari za mafunzo ya utabibu, nasi twashukuru kwa heshima hii. Neno letu ni moja tu: tabibu wa Mafia hutengenezwa tangu sekondari, wala si siku ile kijana anapoanza kutafuta chuo. Nasi makarani, ambao matangazo ya Serikali hupita mikononi mwetu kwanza, tuna sehemu yetu katika jambo hilo.

Kazi hii si mpya. Katika miaka ya 1920 Serikali ya Tanganyika iliwafundisha vijana kufunga vidonda na kugawa dawa vijijini, nao wakaitwa madresa. Mwaka wa 1963 yakaanza mafunzo ya madaktari wasaidizi, waliochaguliwa miongoni mwa matabibu wenye uzoefu. Nao kwa miaka mingi waliwapasua akina mama walioshindwa kujifungua, katika hospitali za wilaya zenye uhaba wa madaktari. Zahanati zilipoongezeka vijijini katika miaka ya 1970, matabibu walifundishwa kwa wingi. Basi nchi hii haikutibiwa na madaktari peke yao.

Sasa njia yenyewe ni hii. Mafunzo ya tabibu ni ya miaka 3, na mwisho wake ni stashahada. Katika mkoa wetu wa Pwani chuo kipo Kibaha; vingine vipo Lindi, Masasi, Kilosa, Mafinga na kwingineko. Anayeomba hana budi awe amefaulu mtihani wa Kidato cha Nne katika Baiolojia, Kemia na Fizikia, pamoja na somo jingine lisilo la dini. Mtoto aliyeiacha Fizikia kwa kuwa ni ngumu amekwisha kujifungia mlango wa chuo, na pengine hakuna mtu aliyemwambia. Samaki mkunje angali mbichi.

Huko chuoni hujifunza umbo la mwili na kazi za viungo, maradhi na dalili zake, dawa na vipimo vyake, habari za uzazi na za watoto; kisha huingia wodini chini ya macho ya wakubwa. Akihitimu, hana ruhusa ya kutibu mpaka aandikishwe na Baraza la Madaktari Tanganyika. Kwa hiyo cheti si karatasi ya kuombea mshahara tu. Ni ushahidi mbele ya sheria kwamba mtu huyu ajua la kufanya, na zaidi ya hayo ajua mahali pa kukomea.

Kwetu kisiwani neno hili la kukomea lina uzito. Hospitali ya Wilaya ipo hapa Kilindoni. Mgonjwa wa Jibondo, Juani, Chole au Bwejuu huifikia baada ya kuvuka maji. Naye akihitaji hospitali kubwa zaidi, bahari ipo tena baina yetu na Nyamisati. Kusi likivuma kwa nguvu, halimhurumii mgonjwa. Tabibu wa bara akichelewa kuandika rufaa, pengine gari litamsaidia. Wa kisiwani akichelewa, maji yamekupwa na usiku umeingia. Mama mja mzito anayetokwa damu, au mtoto mwenye homa aliyeshikwa na degedege, hawangojewi mpaka asubuhi.

Tena hiyo degedege yatufundisha jambo jingine. Katika pwani yetu wengi waliihesabu kuwa ni kazi ya shetani, wakampeleka mtoto kwa mganga wa jadi kwanza. Tabibu husoma kwa Kiingereza kwamba malaria kali yaweza kuleta hali hiyo na kuua. Lakini bibi yake mtoto hatashawishika kwa Kiingereza. Kijana aliyelelewa hapa ajua lugha ya wazee, naye aweza kumjibu bibi kwa adabu bila ya kumfedhehesha, hata mtoto akapimwa damu na kutibiwa upesi. Hatusemi kwamba wageni hawafai, maana wengi wametutumikia kwa moyo. Walakini mgeni huhama, na mwenyeji hurudi kwao.

Wala msidhani utabibu ni sindano na kisu tu. Mwaka wa 2000 mpango wa taifa wa kutokomeza matende ulipoanza kugawa dawa Tanzania Bara, ulianzia hapa kwetu Mafia, kwa vidonge vya ivermectin na albendazole. Kazi ya namna hiyo yataka kuhesabu watu, kuandika nani amemeza dawa na nani hakumeza, na kurudi tena mwaka wa pili. Wahenga walinena, Mdharau mwiba mguu huota tende. Daftari lililoandikwa kwa uvivu ni mwiba wa jinsi hiyo hiyo, na hapo tabibu na karani ni ndugu.

Basi twaomba mambo matatu. La kwanza, kila mwanachama mwenye mtoto au mpwa aliye sekondari, wa kiume na wa kike, amwulize habari za masomo ya sayansi kabla hajafika Kidato cha Tatu. La pili, tangazo la vyuo likitoka, lisomwe na kuelezwa hata katika visiwa vidogo, lisibaki ukutani mwa ofisi za Kilindoni. Na mwombaji asaidiwe kutafuta cheti chake cha kuzaliwa na kujaza maombi, wala asidaiwe kitu mkononi. La tatu, chama kitenge fungu dogo kila mwaka kwa nauli na ada ya maombi ya wanafunzi wawili, mmoja wao akiwa wa kutoka visiwa vidogo.

Fedha hiyo haitamsomesha mtu miaka 3, twajua. Lakini yatosha kumvusha maji, naye asikose nafasi aliyoistahili kwa kukosa nauli ya chombo.

Hoja hii twaiacha mikononi mwenu, mpate kuijadili na kuipigia kura.