NYWELE ZA RANGI MBILI, NA MIKONO INAYOZIPAKA
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa reli na jamaa zao, Sio Port)



Wengine mmecheka mliposikia kwamba watu wa reli watazungumza habari za nywele. Chekeni, si vibaya. Lakini sisi tunaofanya kazi Malaba nyumba zetu ziko huku Sio Port, na katika nyumba hizo wamo wake, dada na binti zetu wanaosuka nywele mjini Busia, au hapa hapa karibu na ufuo wanakoanika omena. Pesa ya saluni hulipa karo sawasawa na pesa ya reli. Tena Desemba ikikaribia kila mtu ataka kichwa cha rangi mbili: nyeusi na dhahabu, nyeusi na nyekundu, nyeusi na buluu. Basi na tuseme.

Rangi mbili hupendeza zikiwa mbali mbali. Mkono wa signali ya zamani ulikuwa mwekundu wenye mstari mweupe, kwa sababu dereva alitakiwa auone toka mbali. Kichwa ni vivyo hivyo. Ukitia kahawia katika nyeusi, mtu aliye hatua kumi haoni kitu, na pesa imekwenda.

Wenzetu wa pwani wamelijua jambo hili siku nyingi. Bibi arusi wa Mombasa, Lamu au Unguja hupambwa kwa hina nyekundu na piko nyeusi, mikononi na miguuni. Hina hiyo hiyo ikipakwa kichwani, nywele nyeusi hubaki nyeusi zenye wekundu kidogo juani, lakini mvi hugeuka rangi ya machungwa. Kwa hiyo mzee mwenye mvi chache hupata rangi mbili kwa bei ya majani tu. Wako na wazee wengine wanaozipata bila kutaka. Hupaka nyeusi kuficha mvi, na kwa kuwa nywele hukua kama sentimita moja kwa mwezi, baada ya miezi miwili ni nyeupe chini na nyeusi juu. Majina hatutaji, wengine wamo humu ndani.

Sasa namna za kufanya. Iliyo rahisi kuliko zote ni kusuka rasta za nywele za bandia: nyuzi nyeusi, na baada ya kila mistari mitatu au minne mmoja wa dhahabu au mwekundu. Hapana dawa, hapana moto kichwani, na ukichoka unafumua. Twasema wazi kwamba kwa mwenye kazi ya mshahara namna hii ndiyo bora, maana bwana mkubwa akikasirika Jumatatu, Jumanne umerudi kuwa mweusi. Namna ya pili ni kupaka ncha peke yake. Dawa haigusi ngozi, na ncha zikiharibika mkasi upo. Ya tatu ni kupaka nywele za chini na kuacha za juu nyeusi, ili rangi ionekane tu mtu akizifunga. Vijana wa kiume hupaka utosi dhahabu na kunyoa pembeni. Nywele zikiwa fupi kinyozi hukata zote kwa mwezi mmoja na habari imekwisha.

Lakini mtu anayetaka dhahabu katika nywele zake mwenyewe ajue jambo moja. Rangi hafifu haishiki juu ya nyeusi. Ni kama kumwaga chai juu ya masizi. Sharti weusi utolewe kwanza. Kazi hiyo hufanywa na haidrojeni peroksaidi, dawa iliyogunduliwa na Mfaransa Thénard mwaka 1818, na ambayo ilionyeshwa mbele ya watu kwa kazi ya nywele katika maonyesho ya Paris mwaka 1867. Huchanganywa na unga wa kung'arishia, nao huingia ndani ya unywele na kuuvunja weusi wake. Nywele hupita kahawia, kisha nyekundu, kisha machungwa, mwisho manjano. Mwenye kutaka nyekundu aweza kusimama njiani, na nywele zake hazitaumia sana. Mwenye kutaka buluu lazima afike karibu na mwisho, tena kabisa, kwa maana buluu juu ya manjano hutoa kijani. Wengi wameondoka saluni na kichwa cha kijani wakamlaumu msusi bure.

Peroksaidi huuzwa kwa nguvu mbali mbali: asilimia 3, 6, 9 na 12. Hiyo ya 12 isiwekwe karibu na ngozi. Na nywele zilizokwisha kutiwa dawa ya kulainisha zising'arishwe siku ile ile, zitakatika kama nyuzi za gunia bovu. Jaribu kishungi kimoja kwanza.

Rangi nyeusi nayo ina hatari yake. Nyingi zina dawa iitwayo PPD. Ulaya sheria hairuhusu izidi asilimia 2 ikifika kichwani. Kwa watu wengine huleta malengelenge na kuvimba uso, na piko ya siku hizi mara nyingi ni rangi hiyo hiyo ya nywele iliyopakwa ngozini. Kwa hiyo paka tone dogo nyuma ya sikio, ungoje saa 48. Ikiwasha, acha.

Hayo ni ya mteja, ambaye hupaka mara mbili tatu kwa mwaka. Je, yule anayepaka vichwa sita kwa siku? Mwaka 2010 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilitangaza kwamba kazi ya ususi na unyozi yaelekea kuleta saratani, lakini kwa mtu anayejipaka mwenyewe halikuona ushahidi wa kutosha. Dawa ni moja. Kilichotofautiana ni kuzishika kila siku. Ule unga wa kung'arishia una pasulfati, na vumbi lake huleta pumu kwa wasusi. Maji na dawa hupasua mikono. Twamjua binti mmoja wa hapa aliyekuwa akivaa mfuko wa nailoni mkononi, kwa sababu mwenye saluni alimwambia glavu ni juu yake mwenyewe, yeye ni mtu wa kamisheni, si mfanya kazi. Vidole vyake vilipasuka hata hakuweza kukanda unga wa chapati. Akaambiwa apumzike, na siku alizopumzika hakulipwa.

Ndugu, neno hilo la kamisheni tulichunguze. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yahusu mahali popote ambapo mtu yeyote anafanya kazi, kwa muda au daima. Haikuanza kwa kuuliza barua ya kuajiriwa iko wapi. Tena yamwagiza mwajiri kuwapa vitu vya kujikinga, glavu zikiwemo, wale wanaoshika vitu vya kudhuru. Sisi wa reli hatukupewa buti kwa sababu tulipendwa. Walioombea buti hizo walikuwa wengi na walisema pamoja. Wasusi wamekaa wawili wawili, kila saluni mbali, na ndiyo sababu husikika kidogo.

Wakati hayo yakifuatwa, mambo haya yaanze kesho: glavu za nitraili, zisigeuzwe ndani nje na kuvaliwa tena, unga uchanganywe dirishani au nje, mikono ioshwe na kupakwa mafuta kila jioni. Na mteja anayetaka kichwa cha dhahabu alipe na bei ya glavu, ni kidogo mno kuliko bei ya rangi.

Dada wanaofanya kazi saluni wabaki baada ya mkutano, katibu aandike nani ana glavu na nani hana, na siku za ugonjwa zilizokatwa. Mwenye swali aulize sasa.