Kabla ya Kuulaumu Waya

Msikilizaji, mashine ya risiti inayotumia waya wa serial isipoelewana na kompyuta, usikimbilie kununua waya mpya. Zikitoka herufi za ovyo, waya unapitisha kitu; mara nyingi kinachogongana ni kasi: upande mmoja umewekwa 9600, mwingine 115200. Kukiwa kimya kabisa, hapo waya unashukiwa kwa haki. Utauliza, nitajuaje bila fundi? Chomoa mashine, fungua programu ya kuandikia kwenye poti, kisha unganisha pini ya 2 na ya 3 kwenye ncha iliyobaki wazi. Unachoandika kikirudi kwenye skrini, na kikakoma ukizitenganisha, waya ni mzima kwa pini hizo mbili. Mzima, lakini huenda si wa mashine hiyo: vifaa vingine hutaka waya uliopishanisha pini hizo, na jaribio hili haliwezi kukuonyesha tofauti hiyo.