Mkesha wa Taita na Kivuli Chake

Msikilizaji wetu wa Kware, jina la mtaa wako lilitoka kwenye machimbo ya mawe, lakini kwa Kiswahili kware ni ndege apendaye kutembea ardhini. Basi jioni hii niruhusu nikutajie ndege mwingine wa ardhini, mwenye mashaka makubwa zaidi.

Ni mkesha wa Taita. Kwa wataalamu, Turdus helleri, ndege aliyeelezwa kisayansi mwaka 1913. Kichwa cheusi, mdomo wa rangi ya chungwa, mbavu za rangi ya kutu. Duniani kote yuko Milima ya Taita tu, kwenye mabaki ya msitu wa ukungu kama Mbololo, Ngangao na Chawia. Hushinda chini ya miti mikubwa, akipekua majani yaliyodondoka kutafuta wadudu na matunda yaliyoanguka.

Mabawa anayo, tena mazima. Hata hivyo, kutoka kipande kimoja cha msitu hadi kingine ni nadra avuke, kwa sababu katikati pana mashamba na jua. Mwanga humtisha kuliko umbali. Na msidhani mikaratusi inayopandwa itamfaa: kwetu sisi huo ni msitu, kwake ni nguzo zilizosimamishwa mahali pakavu, hakuna kivuli kizito wala majani laini ya kupekua.

Kwa hiyo wanaotuhesabia miche iliyopandwa kila msimu wa mvua watuambie pia ni ya miti gani.