Tunawajua watoto wetu wakiwa usingizini



Mithali zetu za malezi karibu zote zinamzungumzia mzazi. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Samaki mkunje angali mbichi. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Ukizisikiliza zote kwa pamoja utadhani mtoto ni udongo wa mfinyanzi, umekaa kimya kungoja mikono yetu iufanye chungu au mtungi. Mwenye mtoto mmoja anaweza kuliamini hilo. Aliyejaliwa wa pili huanza kutia shaka, na akija wa tatu mzazi husalimu amri. Wametoka tumbo moja, wamenyonya ziwa moja, wanakula chungu kimoja, na kila mmoja kaja na mambo yake.

Waulize akina mama wa Kisukuma, ambao pacha wao huitwa Kulwa na Doto. Wamezaliwa saa moja, na kabla hata hawajaota jino mama anakwambia huyu ni mwenye haraka na yule ni mtulivu. Huko New York, madaktari wawili, mtu na mkewe, Alexander Thomas na Stella Chess, walianza mwaka 1956 kuwafuatilia watoto tangu wakiwa wachanga. Waliona kwamba tofauti hizi huonekana mapema mno. Yuko mtoto anayelala na kula kwa saa zake na kukipokea kila kigeni kwa furaha, yuko anayekipinga kila kigeni kwa kilio, na yuko anayehitaji muda, amtazame mgeni kutoka nyuma ya kanga ya mama kwanza. Enzi hizo wataalamu wengi walizoea kumbebesha mama lawama ya kila tabia ya mtoto, na hawa wawili wakasema la hasha, mtoto naye ana lake. Bibi zetu hawakupata kufika New York, lakini walikuwa na jibu hilo hilo: "Mwacheni, kazaliwa nayo."

Nyumbani kwangu ninao watatu, na sijawaomba ruhusa ya kuwaleta hapa studio. Wa kwanza, binti wa miaka minane, ni karani. Maandazi yakiletwa huyahesabu kabla mtu hajaketi, akayagawa kwa idadi ya waliopo, na likibaki moja hulitolea hukumu ambayo haina rufani. Wa pili, mvulana wa miaka mitano, hana haja ya hesabu, kwa kuwa andazi lake keshampa mtoto wa jirani. Huyu ukimtuma chumvi hapo duka la pili, atarudi baada ya muda mrefu na habari kamili kwamba paka wa mwenye duka amezaa, watoto watatu, na mmoja mkia wake mfupi. Chumvi hana. Mdogo wao ana miaka miwili, na kwa sasa neno lake kubwa ni "mwenyewe". Kijiko mwenyewe, ngazi mwenyewe, kiatu mwenyewe. Kiatu cha kulia kinaingia mguu wa kushoto, na ole wake atakayejaribu kukigeuza, maana kilio chake kitasikika hadi nyumba ya nne.

Hebu tusikilize na lugha yao. Mwaka 2005 mtaalamu wa lugha, Kamil Ud Deen, alichapisha kitabu kizima kuhusu watoto wadogo wa Nairobi wanavyojifunza Kiswahili, na moja ya mambo aliyoyaeleza ni jinsi wanavyodondosha vile viambishi vya mwanzo wa kitenzi. Kila mzazi amelisikia hilo kwake. Mtoto anasema "taka maji", na nyumba nzima inaelewa. Zinapita wiki, unasikia "nataka maji". Hakuna aliyepiga ngoma wala kuandika tarehe, lakini siku hiyo sarufi ya lugha nzima imeanza kukaa sawa kichwani mwa mtu asiyeweza hata kufunga kifungo cha shati. Halafu, asubuhi moja uji ukiwa mezani, inakuja "sitaki". Hiyo nayo ni sarufi, tena sarufi sanifu kabisa, na itakaa nawe miaka mingi.

Yule wa pili amekwama kwenye siku. Alipoahidiwa kwamba kesho atapelekwa pwani, aliamka alfajiri akaja kitandani kuniuliza, "Baba, leo ndiyo ile kesho?" Nikamjibu kuwa ndiyo. Akafikiri kidogo, akauliza, "Sasa kesho imekwenda wapi?" Nimesoma vitabu kiasi changu, na swali hilo sijaona mahali limejibiwa vizuri.

Sasa, ndugu msikilizaji, mambo haya yanatokea saa ngapi? Hapo ndipo penye kidonda. Yanatokea wakati wa kuoga kwenye beseni, wakati wa kutafuta soksi ya pili, njiani kwenda dukani, na dakika zile kumi kabla ya usingizi. Hayana ratiba na hayarudiwi kwa maombi. Mwambie mtoto, "Hebu mwambie mjomba kile ulichosema jana," na utaona anavyofunga mdomo.

Na sisi saa hizo tuko wapi? Mtu anayeishi Chanika au Bunju na kufanya kazi Posta hutoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, giza, na kurudi saa tatu usiku, giza. Mabasi ya mwendokasi yaliyoanza mwaka 2016 katika njia ya Kimara yaliwapunguzia adha baadhi yetu, lakini jiji nalo limezidi kutanuka. Mtoto mwenyewe, akifikisha umri wa shule, gari la shule humchukua alfajiri hiyo hiyo, kichwa kimelala dirishani. Basi wako akina baba wengi wanaowajua watoto wao kwa urefu wa kitandani. Anaingia chumbani, anainua chandarua, anasema moyoni, "Kumbe huyu kashafika hapa," anampima kama kitambaa dukani, anakwenda kula kiporo chake. Ripoti ya shule ikija husoma kwamba mtoto ni "mchangamfu", na huo ukawa ugeni kwake.

Sheria nayo haikutufikiria sana. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilimpa mama likizo ya uzazi ya siku 84, na 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Baba akapewa siku zisizopungua tatu. Wenzetu wa Kenya, kwa sheria yao ya mwaka 2007, walimpa baba wiki mbili. Siku tatu, msikilizaji! Kitovu hakijadondoka, na baba keshaning'inia mlangoni mwa daladala.

Lakini si kila kosa ni la sheria wala la foleni. Wako akina baba wenye saa nyingi za baraza na kahawa, na nyumbani hutumika kama rungu tu. "Ngoja baba yako aje!" Mtoto asikiaye maneno hayo kila siku hujifunza kwamba hodi ya baba ni ishara ya kukimbia. Sebule iliyokuwa na kelele za magari ya maboksi hunyamaza ghafla. Baba anaketi, anafurahi kwamba nyumba ina heshima, na hajui kwamba dakika moja iliyopita palikuwa na mchezo wa kuigiza ambamo yeye mwenyewe alikuwa akiigwa, kikohozi chake na namna anavyovuta kiti.

Najua atatokea mtu aseme, mwenzetu anazungumza kama asiyelipa ada. Ada nalipa, na kodi ya nyumba nalipa, na aliye na vibarua viwili kwa ajili ya watoto wake simnyooshei kidole. Wala sizungumzii kuwapeleka watoto kwenye bembea za kulipia. Mwishoni mwa mwaka 2023, ule wakati wa mgao wa umeme, mtaani kwetu ilikuwa jambo la kawaida kukaa gizani. Runinga imekufa, simu hazina chaji. Nikawasha mshumaa, nikafanya mbwa na sungura kwa vidole ukutani, mchezo niliojifunza kwa marehemu babu kwenye kibatari. Usiku huo ndipo nilipojua kwamba karani wangu, ambaye mchana haogopi mtu, anaogopa kivuli chake kikiwa kikubwa, na kwamba mdogo wake, mpole yule, ndiye aliyemshika mkono na kumwambia, "Ni wewe tu hicho." Umeme uliporudi mtaa mzima ulishangilia, isipokuwa mimi na wao.

Siku hizi tuna simu zenye picha elfu. Zamani mtoto alipelekwa studio Sikukuu ya Idi au Krismasi, akasimamishwa mbele ya pazia lenye mnazi, akapigwa moja, basi. Sizibezi picha. Ila hazishiki kila kitu. Binti yangu alikuwa akimwita kipepeo "pepepeo", na nyumba nzima tukawa tunamwita hivyo. Leo anasema kipepeo, sawasawa kabisa, kama mtangazaji. Siku aliyoliacha lile la kwanza haimo katika simu yoyote.

Jumamosi tunakwenda pwani tena. Nimemwambia yule wa pili kuwa ni keshokutwa, na neno hilo limempa kazi kubwa kuliko lile la kwanza. Tangu asubuhi anataka kujua kama keshokutwa inakaa mbele ya kesho au nyuma yake.