Kosa Halikuwa la Mashine



Nimeombwa niseme machache juu ya kazi yangu. Badala ya kujisifu, nitasimulia kosa langu moja.

Mimi husanifu mabomba ya shaba ya mstatili, yanayoongoza mawimbi ya redio toka mtamboni hadi kwenye antena. Kabla ya kukata shaba, tunalichora bomba katika kompyuta. Programu huigawa nafasi ya ndani vipande vidogo vidogo, ikakokotoa jinsi wimbi litakavyopita. Safari moja programu ilikwama. Iliandika kwamba langoni hakuna wimbi linalosafiri. Fundi naye alikuwa akisubiri vipimo.

Nikavifanya vile vipande vidogo zaidi. Mashine ikakesha; asubuhi jibu ni lile lile. Nikaiongezea kumbukumbu, jibu lile lile. Ndipo nikamgeukia kijana aliyechora, nikamkaripia mbele ya wenzake. Hakujibu.

Jioni nikamkumbuka mwalimu wetu wa fizikia hapa shuleni, aliyekataa kusahihisha hesabu isiyo na makisio pembeni. Nikachukua penseli. Wimbi la redio husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde. Basi la gigahezi 10 lina urefu wa milimita 30. Ili lipite katika bomba lenye hewa, upana wa bomba lazima uzidi nusu ya urefu huo, yaani milimita 15. Bomba letu ni la milimita 22.86. Nikatazama mchoro: 12.86! Nikaitafuta karatasi ya vipimo aliyopewa kijana. Ilisema 12.86, kwa mwandiko wangu mwenyewe.

Kumbe programu ilikuwa ikiniambia kweli tangu mwanzo.

Kesho yake nikamwomba radhi kijana mbele ya wale wale waliosikia nikimkaripia. Akaniambia namba ile aliitilia shaka, ila aliogopa kuniuliza. Maneno hayo yaliniuma kuliko kosa lenyewe.

Tangu hapo, programu ikikataa, tunakwenda kwa utaratibu. Kwanza tunakagua vipimo, na kama ni milimita au mita. Pili, hesabu ya penseli. Tatu, tunatazama lango lisiwe karibu mno na kona, maana hapo wimbi halijatulia. Mwisho ndipo tunapunguza vipande, na jibu hatuliamini mpaka liache kubadilika.

Wadogo zetu, mkiona namba ya mkubwa ina walakini, ulizeni kwa adabu, lakini ulizeni. Nasi wakubwa tusiwe watu wa kuogopwa hata kosa letu likapita machoni pa watu kimya kimya.