Utii na Mamlaka Katika Nyumba Zetu

(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Kisumu)



Tumepewa nafasi ya kunena juu ya utii na mamlaka katika jamaa. Kwa kuwa tu wadogo wenu kwa umri, twaomba radhi kabla ya kufungua kinywa.

Sisi wanaume tumezoea kuwasomea wake zetu Waraka kwa Waefeso, mlango wa 5, mstari wa 22. Lakini mstari wa 21, ulio juu yake, watuagiza sote tunyenyekeane. Na toka mstari wa 25 mume apimwa kwa Kristo, aliyelifia Kanisa. Mzigo ulio mzito basi ni wa mume. Mamlaka ni deni, si fimbo.

Neno hili hujaribiwa hasa siku mwenye nyumba anapofariki. Kando ya ziwa letu, desturi ya tero ilimpa mjane ndugu wa marehemu, ili amtunze yeye na watoto. Shabaha yake ilikuwa ulinzi. Lakini ni mara ngapi tumemwona jater akifuata shamba na ng'ombe, na mjane akikumbushwa utii? Hata katika chama hiki mwaka uliopita ilitolewa hoja kwamba fedha za rambirambi apewe shemeji, mpaka mjane akubali kurithiwa. Twaona haya kuikumbuka.

Mtume Paulo, katika 1 Wakorintho 7:39, asema kwamba mjane yu huru kuolewa na amtakaye, mradi ndoa hiyo iwe ya Kikristo. Sheria za nchi zakubaliana naye: Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 45, yataka ndoa iwe kwa hiari ya wote wawili, na sheria ya mwaka 2015 dhidi ya ukatili wa nyumbani yahesabu kurithi mjane kwa nguvu kuwa ukatili.

Hatusemi wazee wadharauliwe, la hasha. Mzee anayemwuliza mjane kabla ya kuamua huongeza heshima yake.

Kwa hiyo twapendekeza rambirambi zitiwe mkononi mwa mjane mwenyewe, mbele ya mashahidi wawili. Tena, akitaka kujenga nyumba, tumpelekee mafundi na mabati bila kumwuliza kwanza nani amemrithi. Hapo ndipo watoto wa marehemu watakapojua ya kuwa baba zao wadogo wangali hai.