Nyaya za alumini na bima ya nyumba

(Maneno ya kamati yaliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)

Ndugu wanachama,

Mlituuliza kwa nini tumekataa zile nyaya rahisi tulizoletewa kwa ajili ya ghala, na wengine mkasema eti kamati inapenda gharama. Jibu letu linaanzia mbali, Marekani, lakini linaingia humu humu kwetu.

Kati ya 1965 na 1973 hivi, shaba ilipanda bei kule, na nyumba nyingi zikavutwa umeme kwa alumini, alumini hii hii ya sufuria. Sheria iliruhusu. Taa ziliwaka, watu wakahamia. Ubaya ulikuja pole pole, tena si katikati ya waya bali pale unapofungwa kwa skrubu, kwenye soketi na swichi. Alumini ikipata joto hutanuka kuliko shaba, ikipoa hunywea. Nayo ni laini, skrubu huiminya mpaka ikalegea. Juu yake huota utando usiopitisha umeme vizuri. Basi kiungo kikilegea hupata moto, moto nao hukilegeza zaidi. Mwaka 1974 nyumba moja iliungua Hampton Bays, jimbo la New York, watu wawili wakafa. Wakuu wa zimamoto walisema chanzo ni kiungo cha alumini kwenye soketi. Baadaye Tume ya Usalama wa Bidhaa ya huko ilieleza kwamba nyumba zilizowekwa alumini kabla ya 1972 zina uwezekano mara 55 zaidi wa kuwa na kiungo kilichofikia hali ya kuleta moto, kuliko zenye shaba. Mara 55, ndugu, si mara mbili!

Nyumba hizo nyingi bado zinakaliwa. Mwenyewe akienda kukata bima huulizwa: nyaya ni za nini? Kampuni nyingine, Marekani na hata Kanada, hukataa. Nyingine hupandisha ada, au hutaka kwanza cheti cha fundi aliyekagua. Wapo wanaoficha. Mtu huyo atalipa ada miaka kumi, na siku nyumba ikiungua kampuni ikagundua, inaweza kumnyima fidia. Atabaki na majivu na stakabadhi zake.

Tiba ipo: kuvuta shaba upya nyumba nzima, au kuunga kipande cha shaba kwenye kila ncha kwa viungio maalumu. Zote mbili ni ghali.

Mtasema mbona nyaya za kwenye nguzo ni alumini. Kweli, na si kosa. Ni nene, zimeundwa kwa kazi hiyo na zina viungio vyake. Tunachokataa ni alumini ndani ya nyumba. Tena jihadharini, ipo alumini iliyopakwa shaba kwa juu. Kwa macho utaapa ni shaba tupu. Kwaruza ncha kwa kisu: ukiona weupe ndani, rudisha dukani. (Nyeupe nje, nyekundu ndani, hiyo ni shaba iliyopakwa bati, haina neno.)

Ghala tunataka kulikatia bima kabla ya mavuno. Tukiulizwa habari za nyaya tutajibu kweli, ndiyo maana tumechagua shaba. Waliokwisha kuvuta umeme nyumbani walete kwa katibu kipande cha waya kilichobaki, Jumamosi asubuhi. Kisu kipo.

Kamati